Shilingi mia na mtaro

Jumanne usiku, mwishoni mwa Januari. Feni inazunguka, joto liko palepale.

Nawaza kuhusu shilingi mia ya chenji ya daladala. Konda akibaki nayo na kujifanya anaangalia nje, abiria anayeshuka Posta huibeba kichwani mpaka mchana. Mwili hautofautishi sana mia na milioni: moyo unakwenda mbio, mabega yanakaza, na kotisoli, homoni ya msongo, hufika juu kabisa kama dakika 20 hadi 30 baada ya kero kuanza. Ndiyo maana mtu aliyezozana kwenye daladala anakaa mezani saa 2 asubuhi, anasoma barua ileile mara tatu na haimwingii. Akimsimulia kila anayeingia ofisini, anauwasha moto upya.

Ushauri wa "vumilia tu" naona hautoshi, maana kuvumilia nako kunakula nguvu. Bora kero imalizwe jana yake. Ugomvi wa chenji mara nyingi unatokana na noti ya elfu kumi iliyotolewa tripu ya kwanza, konda hajakusanya kitu. Jioni ukinunua nyanya, vunja noti, utenge sarafu za siku tatu nne mahali pake, mbali na pochi. Uliza nauli kabla ya kupanda, toa kamili. Mia ikibaki, uwe umeshaamua tangu nyumbani kwamba hiyo haigombewi. Konda akikatisha ruti na kuwashusha wote njiani, hilo ni jambo jingine: andika namba ya gari, saa na mahali, upeleke LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Hapo hasira ina kazi ya kufanya.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, inanigusa zaidi, kwa sababu ugomvi wake uko ndani ya nyumba. Uniti zinaisha saa 7 usiku, feni inazima, watoto wanalia, kila mtu anauliza nani aliacha pasi. Nyumba inayotumia uniti 3 kwa siku, ikinunua zikiwa zimebaki 10, ina siku tatu za kusubiri mtandao ukisumbua. Pesa ikikatwa na tokeni isipokuja, usilipe tena hapohapo. Wengi hulipa mara mbili hivyo, kisha asubuhi nzima inaishia kwenye simu za huduma kwa wateja. Tarakimu za tokeni ni 20. Mmoja asome nne nne, mwingine abonyeze, wengine wanyamaze. Ikikosewa moja tu, mita inakataa, na anayebonyeza gizani huku anafokewa atakosea tena. Ujumbe usifutwe mpaka uniti zionekane zimepanda. Wapangaji wanaochangia mita moja waweke daftari karibu na mita: tarehe, jina, kiasi. Nimeona mara nyingi kwamba watu hawagombani kwa sababu ya umeme wenyewe, wanagombana kwa sababu hakuna anayekumbuka.

Nguvu ikibaki, iende kwenye mtaro.

Mabondeni majirani hununiana mwaka mzima, nani kamwaga taka kwa nani, huku mtaro unaopita mbele ya nyumba zao zote umejaa mchanga na chupa za plastiki. Masika yanaanza Machi. Kazi hii inataka moyo uliotulia, kwa sababu lazima ukakae na yuleyule uliyemnunia. Tembeeni mtaro mzima kwanza, kutoka juu hadi chini. Mara nyingi panapoziba ni kwenye kalavati, maji yanapobanwa na mchanga kutuama. Kuzibua mbele ya nyumba yako peke yake kunamsukumia jirani wa chini maji yako. Mpitieni mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa, kwa barua yenye sahihi za kaya zote, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku ya kazi ni koleo, mabuti, glovu na viroba vya kutosha. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kurundika tope ukingoni mwa mtaro likauke, halafu mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani na watu wanalaumiana upya. Kwa hiyo michango ianze na kirikuu cha kubeba tope, kilipwe kabla koleo la kwanza halijashuka.