Siku moja maishani mwangu: kuhudumia wazee wa Norfolk na kuwapelekea habari za ndege

Saa 11:20 alfajiri. Nje giza totoro. Nakunywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, navaa sare, natafuta funguo za gari. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, huku pwani ya kaskazini ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kazi yangu ni kuamsha, kuogesha, kuvisha, kupika uji, kuhakikisha dawa zimemezwa, kisha kuingia garini tena kuelekea kijiji kinachofuata. Leo ni katikati ya Oktoba na nina nyumba nane.

Saa 12:30 asubuhi. Nyumba ya kwanza tuko wawili, maana mama wa hapa amepooza upande mmoja na hatuwezi kumtoa kitandani bila mashine ya kunyanyulia. Dakika 45, tumemaliza.

Saa 1:15. Naegesha gari kando ya barabara karibu na mji mdogo wa Wells, nashusha kioo. Huwa natoka nyumba ya kwanza mbio ili nipate dakika hizi tano. Kwanza ni sauti, inatoka baharini kama watoto wengi wanaopigishana kelele mbali. Halafu anga linachorwa mistari: bata bukini wenye miguu ya waridi. Wamelala usiku kucha kwenye michanga inayoachwa wazi na maji yakipwa, na sasa wanaelekea mashambani. Mistari inakatika, inaungana, bata wa mbele anarudi nyuma na mwingine anashika nafasi yake. Wanakuja kutoka Iceland na Greenland kuanzia Septemba, na wakati wa baridi Norfolk inapata makumi ya maelfu yao. Kinachowaleta bara ni viazisukari. Mkulima akishavuna hubakiza majani na vipande vya viazi shambani, nao wanakula mabaki hayo, hivyo mwenye shamba anayewahi kulima upya anawanyima chakula bila kukusudia.

Nahesabu mistari. Nina mtu wa kumpelekea hesabu hiyo.

Saa 2 kamili. Mzee ninayemhudumia. Ana miaka 91, alikuwa kibarua wa mashamba maisha yake yote, na macho yake sasa yameingia ukungu katikati. Anaona pembeni kidogo tu. Sijamaliza kuvua koti ananiuliza kama kila siku: "Umeona nini njiani?"

Namketisha dirishani, nampaka povu, naanza kumnyoa huku namsimulia. Mistari kumi na miwili. Mrefu zaidi ulitoka kwenye msonobari hadi juu ya mnara wa kanisa. Ananishika mkono wenye wembe, taratibu, ili nisimame. "Walikuwa chini au juu?" Juu, namwambia. "Basi hawakai hapa, wanakwenda mashamba ya mbali." Kisha ananiachia, nami naendelea na shavu la kushoto.

Nimepewa nusu saa ya nyumba hii. Simu inarekodi nikiingia na nikitoka. Kwa hiyo sikai kumsimulia. Nasimulia mikono ikiwa kazini, na sijawahi kuruka hata kidonge kimoja. Ila nina hakika kabisa kwamba mazungumzo haya ni sehemu ya huduma, ingawa kwenye fomu hayana kisanduku chake.

Ana daftari la ndege la miaka mingi. Tangu macho yake yafifie naandika mimi. Hapo ndipo nilipojifunza majira ya nchi hii, kuliko kwenye kalenda yoyote. Aprili, kekeo anaanza kuita. Mei, teleka wanafika na kuzunguka mnara wa kanisa wakipiga kelele. Mwanzoni mwa Agosti wameshaondoka. Kiangazi, domomwiko. Hawa walianza tena kuzaa kwa kundi hapo Holkham, jirani na Wells, mwaka 2010, baada ya Uingereza kukaa zaidi ya miaka 300 bila kundi la aina hiyo. Oktoba, bata.

Kekeo ndiye tuliyezungumza zaidi. Shirika la utafiti wa ndege la BTO, lenye makao yake Thetford, humuhumu Norfolk, mwaka 2011 lilifunga vifaa vya setilaiti kwa madume watano. Waliofuatiliwa walionekana wakikaa miezi ya baridi kwenye misitu ya bonde la Kongo, na wengi wa ndege hao huondoka Uingereza Juni, kabla kiangazi hakijakolea. Mzee aliposikia hayo alinyamaza muda. Alikuwa anadhani kekeo ni wa kwao.

Saa 4:30. Mama mwingine, mjane, anaacha mlango wa gereji wazi kuanzia Aprili mpaka Septemba kwa ajili ya mbayuwayu. Gari lake linalala nje. Leo kiota ni kitupu, udongo umekauka. Ndege wake wanavuka Sahara mpaka Afrika Kusini. Ananiomba nisipafagie chini yake, nami sipafagii.

Saa 7 mchana. Chakula garini, ukingoni mwa ziwa la Holkham. Bata wa Misri wawili wanachunga nyasi, kila mmoja na doa la kahawia kuzunguka jicho. Wiki yangu ya kwanza hapa, nikiwa sijazoea hata makamasi ya baridi puani, niliwaona hawahawa na nikasema kwa sauti: "Nyie nawajua!" Niliwahi kuwaona Ziwa Manyara. Mababu zao waliletwa kutoka Afrika zaidi ya miaka 200 iliyopita kupamba mabwawa ya mabwanyenye, wakatoroka, wakazaa, wakaenea. Nimekula wali wangu nikiwatazama.

Saa 8 hadi 11, nyumba tatu. Kuogesha, supu, kubadilisha mashuka.

Saa 12 jioni. Bundi mweupe anapita juu ya nyasi kandokando ya barabara, bila sauti hata chembe. Kwetu Tanga bundi akilia juu ya paa, bibi alikuwa anatoa maneno ya kumfukuza. Mara ya kwanza nilipomwona huyu niliegesha gari, moyo unanidunda. Siku hizi napunguza mwendo kwa sababu nyingine: wanaruka chini, na magari yanawagonga.

Saa 1:30 usiku. Narudi kwa Mzee kumlaza. Dawa, maji, blanketi la pili. Naandika kwenye daftari: mistari 12, juu, kuelekea kusini, bundi, mmoja. Kisha ananiomba nifungue dirisha kidogo. Mbalamwezi ni kali, na usiku wa namna hii bata huondoka tena kwenda mashambani. Tunasubiri. Ukimya, upepo tu. Halafu sauti ile, mbali, inakuja upande wa baharini, naye anainua kidole nisiseme kitu.