Kwotabeki asubiri: ninachoitakia Jets katika drafti ya Pittsburgh

Kuanzia sasa hadi tarehe 23 Aprili 2026, drafti ya NFL, ambako timu za futiboli ya Marekani huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, itakapofunguliwa Pittsburgh, kelele za kudai kwotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi, zitakuwa nyingi, na nyingi zitatoka kwetu mashabiki wa New York Jets. Zinaeleweka. Timu imemaliza msimu wa 2025 ikiwa na ushindi 3 na vipigo 14, haijagusa hatua ya mtoano tangu msimu wa 2010, na kwotabeki Justin Fields, aliyesajiliwa kwa miaka miwili na dola milioni 40, aliishia benchi. Hata hivyo ombi langu kwa meneja mkuu Darren Mougey linakwenda kinyume na kelele hizo: zamu ya 2 isimchukue kwotabeki, zamu ya 16 isimchukue kwotabeki, na anayesakwa atafutwe kwa nguvu zote mwaka 2027.

Tarehe 4 Novemba 2025 Jets waliuza nyota wao wawili kwa siku moja. Konabeki Sauce Gardner, mlinzi wa kuwakaba wadaka pasi, alikwenda Indianapolis Colts, na Jets wakapata zamu za raundi ya kwanza za 2026 na 2027 pamoja na mpokeaji wa pasi Adonai Mitchell. Quinnen Williams, mhimili wa katikati ya safu ya ulinzi, alikwenda Dallas Cowboys kwa zamu ya raundi ya pili ya 2026, ya raundi ya kwanza ya 2027, na mchezaji Mazi Smith. Iliuma, na bado inauma. Lakini ukijumlisha na zamu zao wenyewe, mwaka huu Jets wana mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili, na mwaka kesho wana tatu za raundi ya kwanza.

Thamani ya hizo tatu inapimika. Timu nyingi zikikaa kubadilishana zamu bado huanzia kwenye jedwali la pointi lililotengenezwa Dallas enzi za kocha Jimmy Johnson. Zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 2 ina 2,600, ya 6 ina 1,600, ya 16 ina 1,000, ya 32 ina 590. Zamu tatu zikiangukia katikati ya raundi tu, yaani pointi 1,000 kila moja, jumla yake ni 3,000, bei kamili ya kuchagua wa kwanza kabisa. Na hapo sijahesabu Jets wenyewe kufanya vibaya tena, jambo ambalo lingeipandisha zamu yao. Timu yenye uwezo huo mwaka kesho haina sababu ya kumlazimisha mtu mwaka huu.

Maana mwaka huu itakuwa kulazimisha. Fernando Mendoza wa Indiana, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, anatarajiwa kuondoka na Las Vegas Raiders kwenye zamu ya 1. Dante Moore, ambaye wengi walimpangia zamu ya 2, ameamua kurudi Oregon. Anayebaki kileleni ni Ty Simpson wa Alabama, kijana anayesoma ulinzi haraka na kutupa mpira kwa wakati, ila ameanza mechi kwa msimu mmoja tu. Mechi zipatazo kumi na tano za chuo ni ushahidi mdogo. Hujui atafanyaje makocha wa ulinzi wakishamsoma, na hujui atarekebisha nini baada ya msimu mbaya, kwa sababu hajapewa nafasi ya msimu wa pili.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na haifai kupuuzwa: kundi la makwotabeki linalosifiwa mwaka mmoja kabla huwa linaporomoka. Kundi hili la 2026 lenyewe liliporomoka hivyo. Drew Allar wa Penn State, Cade Klubnik wa Clemson na Garrett Nussmeier wa LSU walitajwa juu kabisa kabla ya msimu, kisha majeraha na matokeo mabaya vikawashusha. Moore naye anaweza kushuka. Lakini Jets hawamngojei Moore. Wanangoja wakiwa na zamu mkononi, na zamu haivunjiki kifundo cha mguu. Mtu akichomoza Oktoba, Jets watakuwa na uwezo wa kumfikia kuliko timu yoyote. Asipochomoza, zamu hizohizo zinamnunua kwotabeki aliyethibitika kutoka timu nyingine.

Historia ya Jets inaunga mkono subira. Mwaka 2021 walimchukua kwotabeki Zach Wilson katika zamu ya 2 wakampa kazi kuanzia mechi ya kwanza. Kwenye mechi hiyo dhidi ya Carolina aliangushwa na mpira mkononi mara sita, na mlinzi wake wa kushoto, yaani wa kumkinga dhidi ya wapinzani, Mekhi Becton, akaumia goti. Wilson aliondoka baada ya misimu mitatu akiwa na pasi 23 za kufunga (touchdown) na 25 zilizonaswa na wapinzani. Kwa kwotabeki Sam Darnold mwaka 2018 kosa lilianza kwenye bei. Ili kupanda kutoka zamu ya 6 hadi ya 3 walilipa zamu ya 6, ya 37, ya 49 na ya raundi ya pili ya 2019. Kwenye jedwali, zile tatu za kwanza ni pointi 1,600, 530 na 410, jumla 2,540, wakati zamu ya 3 ni pointi 2,200. Walikuwa wamezidisha bei kwa pointi 340 kabla hata ya kuhesabu ile ya 2019. Colts walitumia zamu ya 6 kumpata Quenton Nelson.

Linganisha na mwaka 2000. Jets walikuwa na wachezaji wanne wa raundi ya kwanza: Shaun Ellis zamu ya 12, John Abraham ya 13, Chad Pennington ya 18 na Anthony Becht ya 27. Walianza na wavamizi wawili wa safu ya mbele, yaani wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani, kisha kwotabeki, na huyo kwotabeki akakaa nyuma akijifunza hadi 2002. Aliposhika usukani akaifikisha timu mtoano katika misimu ya 2002, 2004 na 2006. Mpangilio huo ndio ninaoutaka urudi: ngome kwanza. Na ngome imeanza kuonekana. Olu Fashanu, zamu ya 11 ya mwaka 2024, analinda kushoto. Armand Membou, zamu ya 7 ya 2025, analinda kulia. Atakayekuja 2027 hatakutana na alichokutana nacho Wilson.

Sasa zamu ya 2 itumike vipi? Chaguo langu la kwanza ni kushuka, yaani kuibadilisha kwa zamu ya chini zaidi pamoja na nyongeza. Cleveland walifanya hivyo mwaka 2025: waliwapa Jacksonville zamu ya 2, iliyotumika kumchukua Travis Hunter, pamoja na zamu mbili za nyuma, nao wakapokea ya 5, ya 36, ya 126 na ya raundi ya kwanza ya 2026. Zamu ya 5 na ya 36 zina pointi 1,700 na 540. Pengo kubwa lililobaki lilizibwa na ile ya 2026. Kikwazo ni kwamba bei ya zamu ya juu hupandishwa na kwotabeki, na Mendoza akishaondoka mnunuzi atakuja na ofa ya chini. Mougey asikasirikie hilo. Kutoka zamu ya 2 hadi ya 6 ni tofauti ya pointi 1,000, na akipewa zamu ya raundi ya pili ya mwaka huu pamoja na ya raundi ya kwanza ya mwaka kesho, asaini. Chini ya zamu ya 8 asishuke, kwa sababu wavamizi bora watakuwa wamekwisha.

Akikosa mnunuzi, basi mvamizi wa pembeni, mtu wa kumkimbiza kwotabeki. Watatu wanajadiliwa. David Bailey alihama Stanford kwenda Texas Tech na msimu wa 2025 akawaangusha makwotabeki mara 14.5. Arvell Reese wa Ohio State amecheza pembeni na nyuma ya safu pia, ana mwili wa kazi zote mbili lakini mbinu bado changa. Rueben Bain Jr. wa Miami ana nguvu za kusukuma mlinzi hadi mapajani mwa kwotabeki, na swali lake ni urefu wa mikono. Maskauti hupenda inchi 33 au zaidi kwa mvamizi wa pembeni. Mikono ikiwa mifupi, mlinzi wa NFL anamfikia kifuani kwanza na pambano linaishia hapo.

Idadi ya kuangusha peke yake isimdanganye mtu. Mwaka 2008 Jets walimchukua Vernon Gholston, pia wa Ohio State, katika zamu ya 6. Chuoni alikuwa ameweka rekodi ya shule yake kwa kuangusha mara 14 ndani ya msimu mmoja, na vipimo vya kabla ya drafti vinavyofanyika Indianapolis vilimpamba. Katika NFL hakumwangusha kwotabeki hata mara moja.

Kwa hiyo ukitazama video za Bailey, toa kwanza zile alizopata bila mtu kumzuia, na zile ambazo kwotabeki alikaa na mpira muda mrefu mno. Zinazobaki zigawanye kwa mlinzi aliyemkabili: dhidi ya walinzi watakaocheza NFL, ameshinda mara ngapi? Kisha angalia hatua inayofuata pale mbinu ya kwanza inapozuiwa. Gholston alikwama hapo. Akishazuiwa alisimama. Mvamizi wa kweli anabadilisha mkono na kukata ndani bila kusimama. Kwenye vipimo, sahau mbio zote za yadi 40 na uangalie yadi 10 za mwanzo, ambazo zikiwa karibu na sekunde 1.6 ni dalili nzuri, pamoja na zoezi la kukimbia kwa kuzunguka koni tatu, ambako chini ya sekunde 7 kunaonyesha anaweza kupinda kona bila kupoteza kasi. Nikilazimika kutaja mmoja leo, namtaja Bailey, kwa sababu anashinda kwa hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza haifundishiki.

Zamu ya 16 iende kwa konabeki. Jets wamemaliza msimu wa 2025 bila kunasa pasi hata moja ya wapinzani, jambo ambalo hakuna timu ya NFL iliyowahi kulifanya kwa msimu mzima, na Gardner hayupo tena. Jermod McCoy wa Tennessee anavutia sana, lakini hakucheza 2025 baada ya kuchanika kano ya goti. Kwake yeye faili la madaktari linapita video zote. Uchunguzi wa Indianapolis hurudiwa Aprili kwa wachezaji wenye majeraha, na ripoti hiyo ya pili ndiyo ya kusubiri. Madaktari wakisita, Mougey apite bila huruma. Dee Milliner, konabeki wa zamu ya 9 mwaka 2013, aliingia akiwa na historia ya majeraha na majeraha ndiyo yaliyommaliza.

Raundi ya pili ndiyo inayonipa matumaini makubwa kuliko zote. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walichambua drafti hizi wakakuta kwamba, kwa wachezaji wa nafasi moja, anayechaguliwa mbele humzidi anayemfuata kwa asilimia 52 tu ya mara. Ni karibu sawa na kurusha shilingi. Wakaonyesha pia kwamba ukitoa mshahara kwenye thamani ya mchezaji, faida kubwa haipatikani kileleni. Mkimbiaji Breece Hall alipatikana Jets katika zamu ya 36. Kwa zamu mbili hizi nataka mpokeaji wa kumpunguzia mzigo mpokeaji wetu Garrett Wilson, na mtu mzito wa katikati ya ulinzi badala ya Williams. Mougey asiunganishe hizo mbili ili apande kumfuata mchezaji mmoja, hata akimpenda kiasi gani.

Jumamosi, raundi ya nne hadi ya saba, sina majina. Nina ombi la kazi. Orodha ya kuwapigia simu wasiochaguliwa iwe tayari kabla raundi ya saba haijaanza, kila kocha akiwa na wachezaji wake na kiasi cha malipo ya uhakika kilichokwisha kuidhinishwa, kwa sababu mikataba hiyo hufungwa ndani ya dakika chache. Wayne Chrebet alipatikana hivyo mwaka 1995, akaidaka mipira 580 akiwa Jets. Mchezaji asiyechaguliwa ana uhuru wa kuchagua timu, na timu yenye mapengo mengi kama yetu ina kitu cha kumwahidi ambacho timu nyingi haziwezi: nafasi halisi ya kucheza Septemba.