Mjane wa Sarepta angekuwa jirani yangu Pipeline

Kuna mahubiri siku hizi siwezi sikiliza hata kwa redio. Yale ya panda mbegu ya sadaka leo, kesho milango ifunguke, gari, ploti Kitengela, viza. Si ati nina roho mbaya, ni vile tu mwaka huu Mungu nimemjulia kwa shida, na huku hakuna gari.

Nauza chapati na madondo, yaani maharagwe, hapa Pipeline, Embakasi, Nairobi. Wenye mnaijua mnajua, maghorofa yamebanana mpaka jua halifiki chini, maji ni ya kubeba na mtungi ngazi zote hadi juu. Mume wangu alikuwa na kazi Industrial Area, wakapunguza watu, akawa mmoja wao. Unga wa ngano nao ukapanda, mafuta yakafuata, na wateja wangu ni watu wa mjengo, wakikosa kazi wanakula kwa deni halafu wanaanza kupitia ng'ambo ya barabara ndio nisiwaone. Mwezi ukaisha, renti hakuna, tukarudi tukapata ajenti ametia kufuli kwa mlango. Watoto wamekaa kwa ngazi na yunifomu za shule, wananiangalia mimi. Baba yao amesimama hapo hapo lakini wananiangalia mimi!

Aliyetufungulia nyumba yake ni jirani, mama Mwislamu, na hakuuliza tutakaa mpaka lini. Wale tunaoketi nao benchi moja Jumapili walinitumia emoji za maombi. Sawa, nazo ni maombi.

Usiku huo usingizi ulikataa nikafungua Biblia kwa simu, 1 Wafalme 17, hadithi nimeisikia tangu Sunday school. Mjane wa Sarepta, wakati wa njaa, anaokota kuni mbili apike mkate wa mwisho, yeye na mtoto wake wale, wafe. Wahubiri wanapenda pale nabii Eliya anamwambia nipikie mimi kwanza, hapo ndipo sadaka inaitishwa. Lakini soma vizuri uone, hakuna mahali wanasema pipa lilijaa. Wanasema unga haukupunguka, basi. Yaani huyo mama hakuletewa gunia, kila asubuhi alikuwa anainama kwa pipa lile lile kuangalia kama kuna kitu, na kilikuwepo. Halafu hata na muujiza ukiendelea mtoto wake akaugua akafa, na mama akamgeukia nabii akamfokea, ati umekuja kuniua mwanangu? Mungu hakumkasirikia. Mtoto alirudishiwa uhai. Na tena huyu mama hakuwa hata Mwisraeli, alikuwa wa Sidoni, Yesu alipowakumbusha hilo watu wa Nazareti, Luka 4, walitaka kumtupa kwenye mteremko. Nikamwangalia yule jirani Mwislamu amelala kwa kiti ndio watoto wangu walale kitandani, nikalia vile sijalia tangu mazishi ya mama.

Tangu siku hiyo naomba kwa maneno machache. Saa kumi usiku nikipasua pakiti ya unga nakung'uta mpaka ile iliyoingia kwa mikunjo ya karatasi, natia maji moto na chumvi, nakanda, na hapo kwa kukanda ndipo naongea na Yeye, wakati mwingine ni kulalamika tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zamani nilidhani hiyo ni dhambi. Sasa naona nusu ya Zaburi ni watu wanalalamika.

Nyumba tulifunguliwa, tulilipa nusu, ile ingine bado inadaiwa. Mzee amekodi mkokoteni anasambaza maji, jioni anarudi mgongo umekufa lakini siku hizi anacheka. Pakiti ya kesho nishanunua, ya keshokutwa sijui, na la ajabu ni kwamba nalala.

Ukipita stage asubuhi nitafute, chapati ni ishirini. Na wewe mwenye deni la madondo ya wiki jana, uache kupitia ng'ambo, njoo tuongee, hatutagombana.