Mkate wa Kufutia

Nimerudi Marseille jana usiku na kucha zangu bado nyeusi. Nimeziosha kwa sabuni, nimezisugua kwa ndimu, wapi. Weusi ni wa makaa ya kuchorea, na harufu iliyoishinda ndimu ni ya thomu. Mchanganyiko huo ndio siku zangu 5 za likizo, chini ya vilima vya Alpilles, katika kijiji cha Maussane, kusini mwa Ufaransa.

Nilikwenda kujifunza kuchora miti. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichora kwa kujificha, nyuma ya bahasha, kwenye treni, kwenye risiti za duka. Na mti wangu ni ule ule wa darasa la kwanza, fimbo imesimama na wingu limekaa juu yake. Nikasema mwaka huu nitoe pesa, nimpate mtu anionyeshe.

Tulikuwa wanafunzi 6. Mwalimu ni mzee wa kofia ya majani, yeye ananiita madame na mimi namwita monsieur, ila moyoni nilimwita Babu tangu asubuhi ya kwanza. Alitupa sharti moja tu: mtu asimtaje mchoraji Van Gogh mpaka Jumatano. Wenzangu wakacheka, mimi sikuelewa. Kumbe ng'ambo ya vilima ndiko Saint-Rémy, na pale, kwenye nyumba ya wagonjwa ya Saint-Paul-de-Mausole, ndipo alipokaa kuanzia Mei 1889 hadi Mei 1890, akiichora mizeituni mara kwa mara. Babu anasema kila anayefika huku tayari ana mizeituni ile kichwani. Hata hautazami mti ulio mbele yake, anapindapinda tu matawi kama ndimi za moto na kujiona amechora.

Tulianza mapema sana, kwa sababu ya jua, na kwa sababu Agosti nchi yote ile inaogopa moto. Siku za hatari kubwa njia za vilimani hufungwa na huruhusiwi kupita hata kwa miguu. Sisi tulikaa shambani, pembeni mwa kijiji. Kuanzia saa nne nyenze walikuwa wanapiga kelele mpaka unahisi sauti inatoka ndani ya sikio lako mwenyewe.

Makaa yale yana habari yake. Kifaransa yanaitwa fusain, na hilo ni jina la kichaka kilichokuwa kikichomwa ili kuyapata. Kwa hiyo unachora mti kwa mti uliochomwa, juu ya karatasi ambayo nayo mara nyingi ni mti. Nilipomwambia Babu hivyo alinitazama tu, kama mtu aliyeisikia mara 200.

Siku ya kwanza na ya pili niliharibu karatasi zaidi ya 10. Nachora shina, shina linakuwa bomba. Natia majani, majani yanakuwa nywele. Mzeituni una jani dogo, juu kijani kilichokolea, chini kama fedha, na upepo ukipita mti mzima unabadilika rangi. Sasa utauchora saa ngapi? Halafu kila mti niliouchagua ulikuwa na vigogo vitatu, vinne, vimesimama duara kama watu wanaoota moto, na katikati yao pako wazi. Nikawa natafuta mti wa kawaida wenye shina moja, siuoni.

Siku ya pili jioni Babu alikuja na mkate. Akaumega, akatoa ule ulaini wa ndani, akaufinyanga kama tonge la ugali, kisha akaubandika juu ya karatasi yangu nyeusi na kuunyanyua. Pale alipogusa pakawa peupe. Akagusa tena, akavuta, na mwanga ukaingia baina ya vigogo. Akanipa kipande cha mkate kilichobaki, nami nikakishika kama mtoto aliyepewa kitu asichotakiwa kukigusa.

Kwetu Pemba mkate ukianguka chini unaokotwa, unapulizwa, unawekwa mahali pa juu usije ukakanyagwa. Mimi nimechapwa kwa kuchezea mkate, na sikuchapwa mara moja. Halafu leo niufanye kifutio! Babu akaniambia kwamba kabla ya raba wachoraji walifuta kwa mkate, na hata leo ile raba laini ya makaa inaitwa kwa Kifaransa ulaini wa mkate. Nikamuuliza kama hiyo raba anayo. Akasema anayo, iko nyumbani, haina faida.

Nikatumia mkate, huku nikiomba msamaha kimyakimya. Na hapo ndipo mzeituni ukatoka. Safari hii sikuuchora. Nilipaka karatasi nzima makaa, nikafuta mianya: mwanya wa kati ya kigogo na kigogo, wa chini ya tawi, na vile vijidirisha vya mbingu vilivyo ndani ya majani. Kilichobaki bila kufutwa kilikuwa mti. Sikuwa nimeufikiria hata shina lake.

Sababu ya vigogo vitatu nilielezwa jikoni. Mama mwenye nyumba nilipofikia alikuwa na miaka 7 mwaka 1956. Januari ile, alinisimulia, ilikuwa ya joto la ajabu, na miti ikaanza kupandisha utomvu kana kwamba baridi imekwisha. Februari baridi ikaanguka kwa ghafla, nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, na utomvu ukaganda ndani ya miti. Mashina yakapasuka. Jimbo zima lile la Provence mizeituni ikafa kuanzia ardhini kwenda juu. Wengine waling'oa wakapanda mizabibu. Baba yake aliikata yote usawa wa udongo, na mwaka ule walipikia kuni za mzeituni mpaka wakachoka nazo. Lakini mizizi ilikuwa hai. Visiki vikatoa machipukizi pande zote, wakayabakisha matatu au manne yenye nguvu, na hayo ndiyo vigogo ninavyovichora leo. Pale pawazi katikati palikuwa na mti wa zamani.

Aliyasema haya huku anamenya thomu, wala hakuacha kumenya.

Ilikuwa Ijumaa. Kwetu Ijumaa ni pilau, kwao Ijumaa ni aïoli. Jina lenyewe ni thomu na mafuta, na kweli ni hivyo tu, pamoja na chumvi na kiini cha yai. Kinachoitwa aïoli kubwa ni sinia zima: samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu jana yake, viazi, karoti, maharage ya kijani, mayai ya kuchemsha, na konokono wa baharini ambao niliwaacha wenyewe wale. Samaki yule nilimjua kabla sijamwonja. Ni ndugu yake ng'onda, ametoka bahari ya baridi tu.

Aliponipa kinu cha mawe na mchi nilijiona niko nyumbani. Nikatwanga thomu mpaka ikawa laini, nikatia kiini, nikaanza na mafuta. Akaniambia tone kwa tone. Mimi nina mkono wa mpishi wa shughuli, nikamimina. Ikakatika. Kama tui lililochemka bila kukorogwa, mafuta huku, yai kule. Nikasubiri anifokee. Akachukua kiini kingine, akakiweka kwenye bakuli safi, akanipa kijiko na kusema niirudishe ile iliyokatika kidogo kidogo, nisisimame, nisibadili upande wa kukoroga. Dakika 20 baadaye ilikuwa nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe. Rangi ya siagi, na ukali wa thomu unaopanda mpaka puani.

Mafuta yalikuwa ya bonde lile lile, ya zeituni zilizokamuliwa zikiwa zimeiva na kutulia kidogo, yana ladha kama ya zeituni nyeusi na mkate wa chachu. Lita 1 hutaka kilo 5 za zeituni au zaidi. Nilipojua hivyo nikaona haya kwa yale niliyomwaga.

Jumamosi alipika supu ya pistou, na hapa nina ugomvi nao kidogo. Pistou ni mrehani uliotwangwa na thomu na mafuta. Mrehani! Mimi mrehani naujua kwenye kikuba, na asumini, kifuani kwa bibi harusi. Kijiko cha kwanza nilihisi nakunywa harusi ya mtu. Cha tatu nilikuwa nimeshazoea, na sahani ya pili niliiomba mwenyewe. Ila mama mwenye nyumba alinifurahisha kwa jambo jingine: katika sufuria ya nyama alichomeka karafuu mbili kwenye kitunguu kizima. Nyama yenyewe ilipikwa kwa mvinyo, sikuigusa, lakini nilisimama pale jikoni kuinusa kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Leo asubuhi nimempigia Mama kwa video.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa wapi wewe, simu haipatikani?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Ati umelipa pesa kwenda kutazama miti? Na mikarafuu yote hii hapa, hujapata hata siku moja kuitazama. Ukiambiwa panda, unaumwa na tumbo."

Kweli tupu, sikumjibu. Akauliza zeituni wanazichumaje, wanapanda? Nikamwambia msimu ukifika wanatandaza nyavu chini na kuyachana matawi kwa vitana. Hilo lilimpendeza, akasema majamvi yetu na nyavu zao ni mamoja. Habari ya mkate sikumwambia. Ninao bado, umejikunja mweusi ndani ya karatasi kwenye mfuko wa begi, sijui niuweke wapi.

Nikaigeuza simu nikamwonyesha mchoro, ule wa siku ya mwisho, niliouona mzuri kuliko yote. Akausogeza uso mpaka kioo kikajaa paji la uso wake.

"Ni miti mitatu hiyo?"

"Mmoja, Mama."

"Mbona umechora mitatu?"

Nikaanza kumweleza baridi ya Februari 1956, na baba wa watu aliyeikata mizeituni yake yote. Nilikuwa nimefika kwenye visiki bando lake lilipokatika.