Jinsi Vishikwambi Vilivyotoka Kabatini: Uzoefu Wangu Katika Shule ya Msingi Likoni

Vishikwambi ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuvisambaza mwaka 2016 kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma vilifika pia katika shule ninayofundisha huku Likoni, Mombasa, pamoja na tarakilishi ya mwalimu na projekta. Kwa muda mrefu vilikaa katika kabati la chuma ofisini. Nilipokabidhiwa jukumu la kuvisimamia, mtaala wa umilisi ulikuwa umeshaanza kutekelezwa katika gredi za chini tangu Januari 2019, na ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi unaohimizwa na mtaala huo.

Siamini kwamba walimu wenzangu walikuwa wavivu au waoga wa mitambo, kwani hao hao walikuwa wakituma pesa kwa M-Pesa kila siku bila kuelekezwa na mtu. Kilichowazuia ni darasa lenye wanafunzi zaidi ya 60, kipindi cha dakika 30, na kifaa ambacho chaji yake ikiisha katikati ya somo hakuna soketi ya kukichomekea. Mwalimu akipoteza theluthi ya kipindi akihangaika na waya, ana haki ya kurudia chaki yake.

Kwa hiyo nilianza na umeme. Tulikubaliana na askari wa usiku kwamba vifaa vichajiwe ofisini jioni, na matundu ya chaji yapanguswe kila wiki, maana hewa ya chumvi ya huku pwani hula chuma upesi. Projekta ilitaka giza, nasi tukafunika madirisha kwa leso za akina mama walimu.

Kisha nikamwendea mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa akikaribia kustaafu, ambaye wengine wote humsikiliza. Akaniambia, “Mwanangu, nitajie kitu kimoja ambacho chaki hainifanyii na hiki chako kitanifanyia.” Nilimuuliza ni jambo gani linalomsumbua zaidi darasani, naye akajibu bila kusita kwamba hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Basi tukaanzia hapo hapo. Watoto watano watano walikaa barazani na kishikwambi kimoja, kila mmoja akasoma kifungu kifupi na kujirekodi, naye mwalimu akasikiliza sauti zao wakati wa mapumziko.

Jambo ambalo hatukulitarajia lilitoka kwa watoto wenyewe. Mvulana mmoja alikuwa amesoma “zahabu” mahali palipoandikwa “dhahabu”. Aliposikia sauti yake, alirudisha kidole kwenye neno lile kitabuni, akalitazama, kisha akasema, “Mwalimu, nisome tena.” Hakuna aliyekuwa amemsahihisha. Mwalimu yule, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisahihisha kosa hilo ubaoni, alilisimulia tukio hilo katika chumba cha walimu kwa furaha kubwa, na nadhani simulizi yake ilifanya kazi ambayo semina za likizo, zenye walimu mamia katika ukumbi mmoja, hazikuweza kuifanya.

Baada ya hapo wengine walitaka kuja kutazama. Hapa palihitaji uangalifu, kwa sababu tangu mfumo wa TPAD, wa kutathmini utendakazi wa walimu, uanze, mwalimu akiona mwenzake ameketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi huhisi kwamba anakaguliwa, na somo hubadilika kuwa maonyesho. Tulipatana na mwalimu mkuu kwamba ziara hizi zisiandikwe popote wala zisitiwe alama. Mgeni aliingia mikono mitupu, akakaa na kundi moja la watoto, na mazungumzo yakafanyika baadaye kwa chai. Nalisisitiza jambo hili kwa wanaotaka kujaribu, kwani pasipo utulivu huo mwalimu hufundisha lile analolijua tayari na hathubutu kujaribu jipya mbele ya watu.

Hatutumii vishikwambi katika kila somo. Katika hisabati ya gredi ya kwanza, vifuniko vya chupa vimebaki kuwa bora, kwa kuwa mtoto anayejifunza kujumlisha anahitaji kushika, kusogeza na kuhesabu kwa vidole vyake. Tumevielekeza zaidi kwenye kusoma na kusikiliza, na sasa walimu wa gredi ya pili na ya tatu wanaviazima kwa zamu iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati.