Flashi ndani ya pango? Hapana jamani

Tangu nianze kuweka picha za pango la Nang'oma kule Kipatimu, vijana wenzangu wa kamera hapa Lindi wananiuliza kitu kimoja tu, flashi gani unatumia. Situmii. Na nawaomba na nyie msitumie, hasa mkibahatika kuingia pango lenye michoro ya kale.

Angalieni yaliyotokea Lascaux, Ufaransa. Pango limepatikana 1940, lina farasi na ng'ombe waliochorwa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, vita ilivyoisha wakafungulia watalii, watu wakamiminika zaidi ya elfu moja kwa siku, sasa pumzi zao, jasho, joto na zile taa, ukuta ukaanza kuota mwani wa kijani. 1963 wakafunga. Ndo maana pango jingine la michoro huko huko Ufaransa, Chauvet, lilipopatikana 1994 hawakurudia kosa, watalii hawajawahi kuruhusiwa, hao wachache wanaoingia wanapita kwenye vijia vya chuma. Sisi wengine wote tunaijua kwa picha, kwa hiyo anayepiga hizo picha kabeba macho ya dunia nzima.

Mimi siogopi kwamba flashi moja itafuta rangi, ile nyekundu ni udongo wenye chuma, haipauki kirahisi. Ila flashi ya juu ya kamera inaupiga ukuta uso kwa uso, mabonde yote yanalala, na wale wachoraji walikuwa wanayatumia, jiwe likiwa na uvimbe wanaufanya tumbo la mnyama! Wewe weka stendi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) chini, shata ikae wazi sekunde 20 au 30, alafu tochi ya LED ishike pembeni kabisa, mwanga ulambe ukuta kwa ubavu huku unaisogeza polepole. Kila mkwaruzo unatoka na kivuli chake.

Nang'oma pia kuna popo. Mzee anayetuongoza aliniwekea kiganja mbele ya tochi, akasema, "Mjukuu wangu, shusha taa, wenyewe wamelala." Tangu hapo naielekeza chini mpaka stendi ikae sawa.

Alafu ukishuka kwenye gari la AC usifungue begi mlangoni, pango lina unyevu, lenzi inajaa ukungu papo hapo, subiri ipate joto kwanza.

Na kumwagia maji michoro iliyofifia ili ing'ae, tafadhali sana, acheni, maji yanaibua chumvi ya mwamba na rangi inabanduka nayo. Kuna programu inaitwa DStretch, ya Jon Harman, unapitisha picha humo nyekundu iliyofifia inajitokeza na ukuta hujaugusa. Shemeji yangu alinitumia picha za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, pale palipoingia urithi wa dunia 2006, nikazipitisha humo, sehemu niliyoona jiwe tupu ikatoa shingo na miguu ya twiga. Piga RAW tu, yaani picha ghafi isiyobanwa na kamera, JPEG ya simu imeshabanwa, ukiipitisha humo inajaa madoadoa.