Siku Señora Alipopika Bombo

Mama yangu alikuwa na kesi na Señora muda mrefu kabla hawajaonana. Kesi yenyewe niliianzisha mimi kwa simu, mwishoni mwa mwaka 2018, nilipokuwa Salamanca, Uhispania, nikisoma Kihispania na kuishi kwa mjane mmoja aliyekuwa akipokea wanafunzi nyumbani kwake. Huyo ndiye Señora, yaani Bibi, kama tulivyomwita. Mama alipiga kutoka Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, kuuliza nimekula nini. Nikamwambia bado, chakula cha usiku huku kinaliwa saa nne. Kwa mtu ambaye sufuria zake zinakuwa zimeshaoshwa kabla ya Isha, hilo lilitosha. Mwanawe amepelekwa Ulaya akalazwe na njaa.

"Na hiyo nyumba imelipiwa?" akauliza.

"Imelipiwa, Mama."

"Pamoja na chakula?"

"Pamoja na chakula."

Akanyamaza kidogo, na mimi ninayemjua nikajua faili limefunguliwa.

Aliyenipeleka ni kampuni ya utalii ninayoifanyia kazi Kampala. Wageni Wahispania walikuwa wanatujia, na waongozaji wanaokiweza Kihispania ni wa kuhesabu kwa vidole, hivyo bosi akaona nafuu amsomeshe mmoja wetu kuliko kukodi mkalimani kila msafara. Viza tulifuata Nairobi. Matamshi hayakunisumbua. Sisi watoto wa kambini Bombo, baba wa Arua na mama Mnubi, tumekua na Kiswahili mdomoni, na irabu zao tano ni hizi hizi zetu. Hata ile z wanayoipitisha kwenye meno ni th ya thelathini. Kilichonitoa jasho ni vitenzi. Mwalimu wetu alikuwa mvumilivu. Siku ya kwanza alitutembeza mjini akatuonyesha chura aliyechongwa juu ya fuvu kwenye ukuta wa mbele wa chuo kikuu, chuo kilichoanzishwa 1218 na mwaka ule kilikuwa kikisherehekea miaka 800. Wenyeji husema mwanafunzi atakayemwona chura bila kuonyeshwa atafaulu. Mimi nilionyeshwa.

Lakini lugha niliipata mezani. Nyumba ya Señora ilikuwa na meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachogusa sakafu, na chini yake, katikati ya miguu ya walioketi, kuna hita inayoitwa brasero. Unaingiza miguu, unavuta kitambaa hadi mapajani, na maisha yote ya baridi yanapita hapo: kula, televisheni, kusahihishwa. Salamanca iko juu, karibu mita 800, na Novemba yake haina utani. Señora alikuwa akimenya chungwa kwa kisu, ganda likishuka bila kukatika, huku ananirekebisha kitenzi kimoja baada ya kingine bila hata kuinua macho. Na pale ambapo hakusahihisha, aliamrisha. Jifunike. Kula, binti. Zima taa, au unadhani mimi ndiye mwenye kampuni ya umeme?

Suala la nguruwe tulilimaliza mapema. Dengu zao hupikwa na soseji ya nguruwe, na wiki ya kwanza niliponea mkate na mayai. Kisha siku moja nikakuta jikoni sufuria mbili za dengu, ile ndogo imefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Hiyo ilikuwa yangu, na ole wake mgeni atakayeitumbukizia kijiko cha sufuria kubwa. Udhu ndio uliochukua muda. Jua la Desemba kule linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, kwa hiyo alfajiri haikuwa mapema kihivyo, ila ilikuwa giza, na mlio wa bomba ulimfikia kitandani. Maji ya moto yalitegemea mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa ambao aliuhesabia kila dakika ya kuoga kwetu. Akagonga mlango wa bafu: tumbo linaniuma? Nikafungua, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya sinki, nikamweleza kwa vitenzi nilivyokuwa navyo, nikasisitiza kwamba maji ni ya baridi. Akautazama mguu, akalitazama sinki, akasema marehemu mama yake naye hakukosa misa ya alfajiri, ila yeye alikwenda na viatu.

Niliporudi kazini, Wahispania wa kwanza niliowachukua walikuwa wakitazamana ndani ya gari. Tulikuwa njiani kwenda hifadhi ya Murchison, kijana mmoja ametoa kifua juu ya paa, nami nikamwamuru aingie ndani ajifunike kabla hajaugua. Mke wake alicheka mpaka machozi. Akaniambia ninaongea sawasawa na nyanya yake.

Basi, Julai 2019 Señora mwenyewe akaja, na wenzake wa rika lake, kuona gorila wa msitu wa Bwindi. Kibali cha gorila kilikuwa bado dola 600 wakati huo, na alikuwa ameziweka kidogo kidogo kutokana na sisi wanafunzi wake, alisema hivyo mbele ya wote. Alipanda mlima na fimbo na mbeba mizigo, akashuka, na kilichomuudhi safari nzima ni mkate wa kwenye boksi la chakula cha mchana. Siku ya mwisho wenzake walitaka kununua vinyago Kampala. Yeye akasema anakwenda kumsalimu mama yangu.

Tulitoka na dereva asubuhi kwa barabara ya Gulu, Kawempe, Matugga, hadi Bombo. Mama alikuwa amejipanga tangu juzi yake. Pilau, kuku wa kienyeji, sambusa, na kisra, mikate yetu myembamba, zimekunjwa chini ya kawa jekundu na kijani alilolisuka mwenyewe. Mama wadogo wawili walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, wamejipaka hina, wamekuja kuangalia kesi. Tulifika saa tano kasorobo. Saa tano kamili Señora alikuwa na sahani mbele yake.

Aliniuliza kwa sauti ya chini kama hiki ni kifungua kinywa. Kwao chakula cha mchana huliwa saa nane na zaidi, na hotelini alikuwa amekula.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anashukuru, Mama."

"Mwambie kwangu mgeni hasubirishwi mpaka watoto walale."

Hilo nililipunguza makali. Nikasema tu Mama anafurahi kumlisha mapema. Mama mdogo, aliyewahi kufanya kazi kwa Waarabu na anaamini anaelewa lugha zote, akatikisa kichwa kwamba sentensi imekuja fupi.

Señora akala vijiko vichache, akapumzika. Mama hakumruhusu. "Kula, dada. Usione haya. Mwili huo umebaki mifupa, upepo ukija utaondoka nao." Nikageuza, maneno yakanitoka yenyewe, haraka, bila kuyatafuta. Señora akaweka kijiko chini akanikazia macho.

"Mama yako hakusema hivyo," akaniambia. "Hayo ni maneno yangu."

Nikaapa ndivyo alivyosema. Akakataa. Akasema anajua anavyoongea mwenyewe, na hata lile la upepo ni lake, alikuwa akiniambia kila asubuhi nikitoka kwenda darasani. Mama anavuta kitenge changu, anataka kujua kunagombaniwa nini.

"Anadai ninamsingizia. Kwamba hayo ni maneno yake, si yako."

"Kwani naye husema hivyo?"

"Kila siku, Mama. Asubuhi na jioni."

Mama akamwangalia upya, kuanzia viatu mpaka nywele. Nikadhani yamekwisha. "Sasa kama anajua kusema hivyo," akasema, "saa nne ya usiku ilikuwa ya nini?"

Hapo ikabidi nifasiri yote, maana mama wadogo wote wawili walikuwa wananitazama mdomo. Señora hakukasirika. Alifuta mikono, akaketi wima, akajibu kama mtu aliyewahi kuulizwa. Si wao wanaokula kwa kuchelewa, ni saa ndiyo iliyochelewesha chakula. Mwaka 1940 Jenerali Franco alisogeza saa za Uhispania mbele ziende na za Ujerumani, vita vikaisha, na hakuna aliyezirudisha hadi leo. Ndiyo maana jua la Julai kule Salamanca linakaribia saa nne ya usiku halijazama. Mama yake yeye alikuwa msichana wakati huo, na alikuwa akisema tumbo lake halijawahi kuitii serikali ile.

Mama ni mjane wa mwanajeshi. Ameishi kambini, ameona wakubwa wanaingia na kutoka, na amri ya mkubwa haihitaji kuelezwa kwake mara mbili. Akafikiri.

"Kwa hiyo saa nne yao ni saa tatu."

"Kama ni hivyo, ndiyo."

"Hata saa tatu ni usiku," akasema, lakini akamwongezea Señora paja la kuku, na kwa Mama paja halipewi mtu mwenye kesi.

Baada ya chai Señora akaomba jikoni. Alikuwa amebeba kwenye mkoba mkebe wa pilipili nyekundu ya kusaga, ile ya La Vera inayokaushwa kwa moshi wa mwaloni, na alitaka kupika tortilla yao ya viazi na mayai. Mama akaufungua mkebe, akanusa, akanipa ninuse. "Imeungua?" Nikamweleza moshi. Akaufunga akauweka juu ya kabati, karibu na dawa.

Viazi Señora hakuvikatia kwenye ubao. Alivishika mkononi, kisu kikielekea dole gumba, vipande vyembamba vikidondoka kwenye bakuli, na kitunguu hivyo hivyo. Wapo kwao wanaokataa kitunguu, na amevunja urafiki kwa sababu hiyo. Mafuta ya zeituni hayakuwepo, tukamimina ya alizeti, mengi, Mama akiguna. Shida ilikuja kwenye sigiri. Viazi vya tortilla vinatakiwa kulainika polepole bila kubadilika rangi, na makaa yale yalikuwa ya moto wa pilau. Pembeni mwa kikaango vikaanza kuwa vya kahawia, Señora akatafuta kitufe cha kupunguza, akaipapasa sigiri yote. Mama akamsogeza kwa nyonga. Akachota jivu kwa kijiko cha bati, akayafunika makaa kidogo kidogo mpaka mvumo wa mafuta ukashuka, akarudi nyuma. Señora akasikiliza kikaango, akaniambia niulize jivu linakaa muda gani kabla ya kuchochea. Swali zuri, Mama akasema, na akalijibu kwa urefu ambao nilikatisha katikati.

Kugeuza kulifanyikia kwenye kikaango cha chapati, kwa sababu kile kingine kinashika. Señora akafunika mayai na sahani ya bati, akaweka kiganja juu, akapindua mara moja, yai bichi likamtiririkia hadi kwenye saa yake ya mkononi. Mama mdogo akasema Allahu Akbar. Ikashuka nzima.

"Rolex bila chapati," Mama akatoa hukumu, akimaanisha ile chapati ya kukunjwa na mayai inayouzwa barabarani, na akala vipande viwili.

Mama aliomba Señora alale kwetu. Ndege ilikuwa usiku ule Entebbe na wenzake walikuwa wanasubiri, kwa hiyo alilazimika kukubali kisra za njiani, sambusa za njiani, na kawa lenyewe, lililomsumbua kuliingiza kwenye gari. Mlangoni Mama alinisemesha harakaharaka huku amemshika mkono, na sikupata nafasi ya kufasiri.

Tukiwa Kawempe kwenye foleni, Señora akauliza ni nini kile. Nikamwambia: aje tena wakati wa Idi, asije na kundi, na viazi vilihitaji pilipili mbichi.

Alitazama boda boda zinazopenya kati ya magari mpaka tukasogea kidogo. Kisha akasema ikitiwa pilipili mbichi si tortilla tena, na nimpigie Mama sasa hivi nimwambie. Nikapiga. Mama alikuwa anasikiliza kwa utulivu kabisa.

"Mwambie sikusema tortilla," akajibu. "Nilisema viazi."